Siku ya Kuzaliwa ya Mtoto Katika Nyumba Iliyo Karantini



Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na swahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu wanachama, mwaka wa 2021 tulitawanyika tena. Mwaka wa 2020 vyuo vilifungwa Machi 20. Mwaka wa 2021 ndiyo kwanza tulikuwa tumeanza kuzoea tena madarasa, tukarudishwa majumbani mwezi Juni, kisha zikaja siku 42 za kukaa ndani. Magari ya abiria yalisimama, misikiti ilifungwa, na Idi ya kuchinja tuliipitishia majumbani. Siyataji haya ili kulalamika. Nayataja kwa sababu darsa yetu ilihamia kwenye simu, na katika maswali yaliyoletwa huko kulikuwa na moja lililokuja kwa sura tatu nne: tufanye nini na siku ya kuzaliwa ya mdogo wetu wakati nyumba imefungwa?

Msilione swali hili kuwa la kitoto. Mwaka huo wa 2021 shule za chekechea za nchi hii zilikuwa hazijafunguliwa tangu Machi 2020. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano wakati ule, sehemu kubwa ya maisha aliyoyakumbuka alikuwa ameimalizia uani. Hakujua takwimu za wagonjwa. Alichojua ni kwamba watu wazima walimwahidi jambo mwaka wa 2020 halikuja, na mwaka wa 2021 wakamwambia tena asubiri.

Nichukue mfano wa mwenzetu mmoja wa mwaka wa pili, kwa idhini yake na bila kumtaja. Kwao ni kando ya barabara ya Malaba, na baba yake ni dereva wa malori. Utingo wake alipopimwa akaonekana ana korona, mzee alirudi nyumbani akaingia moja kwa moja chumba cha uani ili akae siku 14. Sahani yake inawekwa juu ya kigoda mlangoni, aliyeileta anaondoka, ndipo anafungua. Siku ya tisa ya kujitenga huko, kitinda mimba wa nyumba, binti, alikuwa anatimiza miaka saba. Mama alikwishapanga pilau na keki ndogo. Bibi alikuwa tayari kuja kwa miguu kutoka kijiji cha pili, na shangazi wawili na watoto wa majirani walikwisha kuarifiwa. Kijana wetu akampigia bibi simu akamwomba asije. Shangazi mmoja akamwambia chuo kimemharibu, anaiogopa korona kuliko anavyomwogopa Mungu. Usiku huohuo ndugu yetu mwingine akamwandikia kwamba sherehe yenyewe ni haramu, basi aende akaivunje keki kabla haijakatwa. Huku anaambiwa hana huruma, kule anaambiwa hana dini. Akauliza: nani kati yao yuko sawa?

Nianze na bibi, kwa sababu hapo ndipo penye roho za watu.

Bwana Umar bin Khattab (R.A.) alikuwa njiani kwenda Sham alipofika mahali paitwapo Sargh, akapokewa na Abu Ubayda bin Jarrah na makamanda wenziwe wakamweleza kuwa tauni imeingia. Hakuamua peke yake. Aliwaita Muhajirina wakahitilafiana, akawaita Ansari wakahitilafiana vilevile, kisha akawaita wazee wa Kikureshi, nao wakasema kwa kauli moja arudi na watu. Alipotangaza kurudi, Abu Ubayda, ambaye si mtu mdogo katika dini hii, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kuwa ndiyo, anatoka katika kadari ya Mwenyezi Mungu kwenda katika kadari ya Mwenyezi Mungu, akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyeteremka bonde lenye pande mbili, moja ina majani na nyingine kavu: upande wowote atakaolisha, amelisha kwa kadari. Baadaye akaja Abdulrahman bin Awf aliyekuwa ameghibu, akawahadithia aliyoyasikia kwa Mtume (S.A.W.): nchi mkiisikia ina tauni msiiingie, na ikitokea mkiwa ndani yake msitoke kuikimbia. Umar akamhimidi Mola wake akageuza msafara. Haya yamo katika Bukhari na Muslim.

Basi maneno ya shangazi yalikwisha kusemwa na mtu mbora kuliko sisi sote, na yakajibiwa. Tena Abu Ubayda, kwa ukweli wa imani yake, alibaki na watu wake Sham na akafariki katika tauni hiyo ya Amwas mwaka wa 18 Hijria, Mwenyezi Mungu amridhie. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba Umar alimwogopa ugonjwa kuliko Mungu.

Kuna hadithi nyingine ambayo hatuisomi mara nyingi, nami naona ndiyo inayomhusu zaidi bibi yetu. Ujumbe wa Thakif ulipokuja Madina kutoa bai'a, miongoni mwao alikuwamo mtu mwenye ukoma. Mtume (S.A.W.) akampelekea habari kwamba bai'a yake imekubaliwa, arudi. Ameipokea Muslim. Bai'a ni kupeana mikono, na mikono haikugusana, lakini ahadi ya mtu yule haikupungua hata chembe, wala hakuambiwa hana imani. Mapenzi ya bibi kwa mjukuu wake nayo yanaweza kupokelewa kutoka mbali. Mzee wa miaka zaidi ya 70, atembee juani aje katika nyumba ambayo nyuma yake yumo mtu anayesubiri kujua kama ameambukizwa, akae na watoto kumi katika sebule moja, kwa ajili ya keki? Mtume (S.A.W.) alikataza hata ngamia wagonjwa wasipelekwe kwenye wazima. Kijana wetu hakukata udugu. Ameuhifadhi.

Ila namwambia hivi: kumzuia bibi kwa simu ya dakika moja hakutoshi. Ampigie tena, amweleze taratibu, ampe nafasi ya kukasirika. Na shangazi yake asimjibu kwa hadithi nilizozitaja, hata kama zote ni zake. Shangazi ni dada wa baba, na aliyemkasirisha ni khofu ya ndugu yake aliyefungiwa uani, siyo kijana huyu.

Sasa keki. Yule ndugu yetu mwingine hakulitoa neno lake hewani. Wako masheikh wengi wanaozuia kuadhimisha siku ya kuzaliwa, na hoja yao ina uzito: Waislamu wamepewa Idi mbili, kama ilivyo katika hadithi ya Anas juu ya siku mbili za michezo walizokuwa nazo watu wa Madina, wakabadilishiwa kwa zilizo bora, na wamekatazwa kujifananisha na kaumu nyingine katika mambo yao mahsusi. Wako na wengine wanaosema hii ni ada tu, siyo ibada wala idi, na ada hupimwa kwa kilichomo ndani yake: kikiwa halali, na nia ikiwa kumshukuru Mungu, hakuna wa kukiharamisha. Pande zote mbili huitaja hadithi ya Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya funga ya Jumatatu alitaja kuwa ndiyo siku aliyozaliwa. Wa kwanza wanasema: alifunga, hakufanya karamu, na ilikuwa kila wiki. Wa pili wanasema: lakini siku ile aliikumbuka.

Mimi binafsi sipendi tuifanye siku hii kuwa msimu wa kila mwaka wenye mishumaa, nyimbo na zamu ya kualikana, na katika nyumba yangu sitaianzisha. Hayo ni yangu. Lakini kutoka hapo hadi kumtuma kijana akavunje keki aliyoipika mama yake ni safari ndefu, na sijui ni kitabu gani kinachoiruhusu. Jambo ambalo maulamaa wamehitilafiana halivunjwi kwa mkono, sembuse katika nyumba ambayo si yako na mwenye nyumba ni mzazi wako. Tunarudi majumbani na kanda za mihadhara kwenye simu, na wa kwanza kuonja ukali wetu ni mama aliyetuuzia mbuzi tulipe ada. Kama una rai, mwambie mama faragha, kwa adabu, siku nyingine. Mishumaa anaweza kuiacha ukimwomba vizuri, na pilau haijawahi kuwa na tatizo.

Na mtoto mwenyewe? Umm Sulaym alikuwa na mtoto mdogo, Abu Umayr, aliyekuwa na kindege cha kuchezea. Kindege kikafa. Mtume (S.A.W.) alipoingia akamwona mtoto kanuna, akauliza ana nini, akaelezwa, akamwendea akamwuliza habari za kindege chake kwa maneno mafupi yenye vina, ili acheke. Mjumbe wa Mwenyezi Mungu, mwenye umma mzima begani, alitenga muda kwa huzuni ya kindege. Ibnul Qas, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi, alitoa faida 60 katika hadithi hii. Nami naitaja moja tu: huzuni ya mtoto haipimwi kwa ukubwa wa alichokipoteza. Usimwambie binti wa miaka saba kwamba watu wanakufa yeye analilia keki.

Tena miaka saba si umri wa kawaida kwetu. Ndio umri ambao Mtume (S.A.W.) alituagiza tuanze kuwaamrisha watoto swala. (Mkitaka hesabu, kwa mwaka wa mwezi mwandamo huyu binti alitimiza saba miezi miwili na nusu kabla ya tarehe ya cheti chake, kwa hiyo swala ilikwisha kumfikia kabla ya keki.) Hapa mama wa mwenzetu alifanya jambo lililonifurahisha kuliko yote. Alimkatia binti kipande cha khanga mpya akamshonea shungi lake mwenyewe, akampa na kazi: kila unapoingia wakati wa swala, yeye ndiye wa kusimama hatua kadhaa kutoka dirisha la chumba cha uani na kumwita baba. Mzee anajibu kutoka ndani, anaswali huko peke yake, na binti anakwenda kusimama na mama yake nyuma ya kaka zake. Kaka mtu anasema tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kuwahi alfajiri nyumba ile kabla ya binti.

Yamebaki mambo machache kwa anayekusudia kufanya kitu. Ukimpa mtoto huyu zawadi, mtazame nduguye wa miaka tisa, maana hadithi ya Nu'man bin Bashir juu ya kufanya uadilifu baina ya watoto ni sahihi na ni kali. Harufu ya pilau inavuka ukuta. Wengi wa majirani zetu waliishi kwa kibarua cha kila siku na wakati ule hakukuwa na kibarua, na Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr aongeze maji kwenye mchuzi ili awakumbuke majirani. Basi watoto waliokuwa waalikwe wapelekewe sahani zao mlangoni, ziwekwe, mpelekaji arudi. Picha za keki msizitundike kwenye simu zenu. Anayeziona huenda hajala tangu jana.

Na kama mtoto hakuchinjiwa akika siku ya saba kwa sababu ya uchache wa mali, basi kwa madhehebu ya Shafi mzazi hakukatikiwa na wakati mpaka mtoto abaleghe. Mbuzi mmoja kwa binti anatosha, nyama itolewe nyumba kwa nyumba bila kukusanya watu. Mzee akitoka chumbani salama Inshaallah anaweza kulifikiria hilo, na bibi ndiye awe wa kwanza kupelekewa fungu lake.

Wallahu aalam.