Je, Ni Haki Kupima Maneno ya Mzee Bila Yeye Kujua?



Pale Tengeru, katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, watafiti wameifundisha kompyuta kutambua magonjwa ya kuku kwa kutazama picha za kinyesi. Picha hizo zilikusanywa katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro kati ya mwaka 2020 na 2021, na habari zake zikachapishwa mwaka 2022. Kompyuta huonyeshwa picha nyingi sana, na kila picha imekwisha kuandikwa jina: hii ni ya kuku mzima, hii ya mwenye kideri, hii ya mwenye kuhara damu, hii ya mwenye salmonela. Haiambiwi sababu. Yenyewe hutafuta alama zinazoandamana na kila ugonjwa, hata ikiletewa picha mpya huweza kukisia. Hiyo ndiyo mashine kujifunza, tawi mojawapo la kile kinachoitwa siku hizi akili mnemba. Mfugaji wa Usa River ana sababu ya kufurahi. Wala hapana aliyeuliza kama kuku ameridhia.

Swali langu linaanzia pale ufundi huohuo unapotoka bandani na kuingia sebuleni, na badala ya kinyesi cha kuku ikapimwa lugha ya binadamu ili kutabiri maradhi yatakayompata.

Jambo hili lilianza kabla ya mashine za leo. Huko Marekani, mtaalamu mmoja, David Snowdon, aliwachunguza masista 678 wa shirika la Notre Dame, wengi wao walimu wa shule. Masista hao walipokuwa wasichana wa miaka kama 22, kabla ya kuweka nadhiri, kila mmoja alitakiwa kuandika habari fupi za maisha yake. Karatasi zikahifadhiwa. Mwaka 1996 Snowdon na wenzake walichapisha habari za masista 93 kati yao. Walikuwa wamehesabu ni mawazo mangapi yamo katika kila maneno kumi ya insha zile, kisha wakalinganisha na hali ya masista hao baada ya miaka 58. Wale walioandika kwa mawazo machache ndio waliokuwa na akili zilizodhoofika zaidi uzeeni. Na kati ya 14 waliokuwa wamekwisha kufariki, ugonjwa wa Alzheimer, ule unaokula kumbukumbu polepole, ulionekana katika ubongo wa wote walioandika kwa mawazo machache, na haukuonekana kwa hata mmoja wa wale walioandika kwa mawazo mengi.

Mimi nimekaa miaka mingi katika chuo cha ualimu nikisahihisha insha za wanachuo, na nakiri kwamba habari hii ilininyima usingizi. Lakini tuwe waangalifu. Haisemi kwamba insha fupi huleta ugonjwa. Yawezekana ugonjwa huanza mapema mno, au yawezekana ubongo wenye akiba kubwa huustahimili kwa muda mrefu. Tena masista wale waliombwa wakiwa wazee, nao wakakubali, hata ubongo wao ukachunguzwa baada ya kufa. Hilo la kuombwa na kukubali tutalirudia.

Mwaka 2020 kampuni za IBM na Pfizer zilikwenda hatua nyingine. Waliichukua michoro ya maneno ya watu waliokuwa wakifuatiliwa afya zao kwa miaka mingi katika mji wa Framingham, Marekani. Kila mtu alikuwa ameonyeshwa picha ya jikoni: mama anaosha vyombo, maji yanafurika kutoka kwenye sinki, mtoto anaiba biskuti kabatini. Aeleze anachokiona, basi. Kompyuta iliyasoma maelezo hayo, yaliyotolewa watu wakiwa bado wazima, ikakisia nani atapata Alzheimer miaka saba na zaidi baadaye. Ilipatia mara saba katika kumi.

Saba katika kumi ni alama nzuri darasani. Lakini tufanye hesabu. Mwaka 2010 watafiti walipita vijiji vya wilaya ya Hai, majirani zetu wa ng'ambo ya pili, wakapima wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea. Waliokuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili walikuwa kama 6 katika kila 100. Sasa tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba mashine ya kupatia saba katika kumi inaletwa kwa wazee 100 wa namna hiyo. Katika wale 6 itawatambua 4. Katika wale 94 wazima itakosea theluthi kasoro kidogo, yaani 28. Wazee 32 wataambiwa ugonjwa unawanyemelea, na 28 kati yao wataambiwa bure. Nani atakayekwenda nyumba kwa nyumba kuwaondolea hofu? Na katika nchi ambayo vikongwe wamepata kuuawa kwa kushukiwa uchawi, neno la kwamba akili ya bibi fulani si nzima halibaki ndani ya faili.

Kisha iko lugha yenyewe. Kila mwaka niliwaambia wanachuo kwamba mtihani ni wa haki ukiwa unapima kile unachodai kupima. Sisi tukisema "hatutawapikia" tumesema neno moja. Mwingereza ahitaji maneno sita kusema jambo hilohilo. Mashine iliyofundishwa kuhesabu mawazo katika maneno kumi ya Kiingereza itapima nini kwa bibi wa Nkoaranga, ambaye anafikiri kwa Kimeru, anajibu kwa Kiswahili, na hajapata kuona biskuti za kabatini? Itapima umbali wa kwake na Framingham. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka vivuko vya Yordani katika kitabu cha Waamuzi, ambako Mwefraimu alitambuliwa kwa kushindwa kutamka neno moja tu, Shibolethi, na walioanguka walikuwa arobaini na mbili elfu. Hukumu kwa njia ya matamshi ni ya kale kuliko umeme.

Nisieleweke kwamba naupinga utafiti. La hasha. Watafiti wale wa Hai, Watanzania pamoja na Waingereza, waliliona tatizo hili mapema. Wazee wengi hawakusoma shule, na vipimo vya kigeni vilidai kusoma, kuandika na kuchora. Mwaka 2014 walichapisha kipimo kingine chenye maswali sita. Daraja ni nini? Leo ni siku gani? Taja wanyama wengi uwezavyo katika dakika moja. Panga njiti za kiberiti kama nilivyozipanga mimi. Maswali ya namna hiyo, ambayo mkulima asiyejua a wala be aweza kuyajibu kwa heshima yake yote. Nami nakipenda zaidi kilichofuata: hawakuishia kupima. Walikusanya wazee 34 wenye ugonjwa huo katika vikundi vidogo vya mazungumzo na mazoezi ya akili, na hali ya wazee hao ikapata nafuu. Dawa ya kuponya Alzheimer haipo, lakini nafuu ipo, na ilipatikana kwa watu kuketi na watu.

Kwangu mimi hapo ndipo haki na dhuluma zinapoachana. Mwenye kutabiri ugonjwa wa mtu amejitwika mzigo. Kama hana la kumfanyia baada ya utabiri, wala hapana wa kuketi naye, basi amechukua maneno ya mzee akamrudishia hofu. Afadhali angenyamaza.

Tena maneno ni ya nani? Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti, zenye kuhitaji ridhaa ya mwenyewe. Ni sheria njema. Lakini ujumbe wa sauti ambao babu anamtumia mjukuu wake Dodoma, akiulizia mvua na ada ya shule, ni salamu tu. Unakuwa habari ya afya siku ile mtu mwingine anapoupitisha kwenye mashine, na babu hajui kwamba siku hiyo imefika. Mganga akitaka damu yako hukuchoma sindano nawe ukasikia. Sauti haichomi. Kwa sababu hiyo nasema kuomba ruhusa ni lazima zaidi hapa kuliko kwenye damu, na ruhusa iombwe kwa lugha anayoielewa mzee, akiambiwa pia kwamba aweza kukataa kujua matokeo.

Nyumbani kwangu tumelizungumza hili. Mimi ningetaka kujua. Kuna shamba la kugawa kwa watoto, nami ningependa kuligawa nikiwa najua majina yao. Mke wangu hataki kabisa. Asema akili ikimpotea hatakuwa na haja ya kuwa alionywa, na miaka ya kungojea ingempotezea hata ile aliyonayo. Tumeoana miaka arobaini na sitadai kwamba anakosea. Tatizo ni simu. Tunayo moja, sauti zetu zote mbili zimo, na anayekwenda kuomba kupimwa yeye anapeleka zote mbili. Kijana wetu anasema zaweza kutenganishwa. Nimemwambia aje anionyeshe kwanza, mama yake akiwapo.