HADITHI YA ZIWA NI AMANA

Mtu aliyeazimwa jembe hulirudisha. Aliyeazimwa mtumbwi huurudisha pale alipoukuta, tena huukausha maji kabla ya kumkabidhi mwenyewe kafi lake. Je, mtu aliyepewa hadithi anadaiwa nini? Na yule aliyeitoa, yeye naye hadaiwi kitu? Haya ndiyo maswali tunayokusudia kuyachunguza katika insha hii, nasi tutayachunguza tukiwa mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika, baina ya Kigoma na Ujiji, mahali ambapo watu wamekuwa wakija kutafuta hadithi kwa muda mrefu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, na kwa miaka kadhaa iliyofuata, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani na wenzao wa Afrika walikutana Kigoma katika Mradi wa Nyanza ili kujifunza elimu ya ziwa. Walifika katika miezi ambayo kwao ni likizo na kwetu ni kiangazi. Siku hizi, pamoja na wale wanaopima maji na matope, wapo pia wanafunzi wanaojifunza jinsi ya kuyasimulia mabadiliko ya tabianchi. Hao hawaji na vipimo. Huja na daftari na kinasa sauti. Humwomba mvuvi aeleze ziwa lilivyokuwa zamani na lilivyo leo. Ombi hilo ni jema. Hata hivyo, wema wa ombi hautoshi kutufanya tusiulize haki iko wapi.

Historia ya Ujiji yenyewe ni fundisho. Ulimwengu mzima unaujua mji huo kwa sababu mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba Abdullah Susi alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kumlaki Stanley, au kwamba Livingstone alipofariki mwaka 1873, Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Mwaka 1874 Susi na Chuma walikwenda Uingereza, wakamsaidia mhariri Horace Waller kuzifahamu shajara za mwisho za marehemu. Ushahidi wao ukaingia katika kitabu, lakini jina lililobaki katika vinywa vya watu si lao. Hivyo ndivyo hadithi inavyoweza kuondoka bandarini ikiwa mali ya wengi, ikafika ng'ambo ikiwa mali ya mmoja.

Sasa na tulitazame ziwa lenyewe, maana hatuwezi kuhukumu hadithi bila kujua habari inayosimuliwa. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha karibu mita 1,470. Rutuba yake kubwa imelala vilindini. Upepo wa kusi uvumapo, huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na maji ya vilindini hupanda upande wa kusini. Rutuba hiyo hulisha vijimea visivyoonekana kwa macho; vijimea hulisha vijidudu; vijidudu hulisha dagaa; dagaa hulisha migebuka; na wote hao humlisha binadamu. Maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi, yakaelea juu ya yale ya baridi mithili ya mafuta, na upepo hushindwa kuyachanganya. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa vijimea ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi, jambo linaloweza kupunguza mavuno ya samaki kwa asilimia 30 hivi. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2016, uliyasoma matope ya ziwani kama mtu asomavyo kurasa za kitabu, ukaona kwamba samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara kuanza katikati ya karne ya 20.

Habari hiyo ina uzito wa kimaadili. Inaonyesha kwamba mvuvi wa Kibirizi, ambaye hakujenga viwanda vilivyoipasha dunia joto, analipa deni asilolikopa. Anastahili kusikilizwa, na sauti yake istahili kufika mbali. Lakini je, hiyo ndiyo habari yote?

Tumsikilize mzee wa Ujiji. Yeye atasema kwamba ziwa lilipanda pia baada ya mvua kubwa za mwanzo wa Uhuru, likafikia kimo kikubwa mwaka 1964, kisha likashuka. Masimulizi ya kale zaidi yanasema kwamba katika miaka ya 1870 maji yalipanda mpaka yakafumua njia ya mto Lukuga upande wa Kongo, kisha yakarudi nyuma sana; ndiyo maana mnara wa kumbukumbu ya Livingstone leo uko mbali na maji. Basi maji yalipopanda tena na mwaka 2024 yakavamia nyumba na bandari za Kigoma na Bujumbura, mzee huyo alikuwa na haki ya kusema, "Tumepata kuyaona." Kauli yake haikanushi joto la dunia. Inatukumbusha tu kwamba kupanda kwa maji na kupata joto kwa maji ni mambo mawili, na kwamba kila moja lina historia yake. Msikilizaji akiiacha kauli hiyo kwa kuwa hailingani na alichokuja kukitafuta, amevunja amana.

Upo mfano mwingine. Kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, mwaka 2024 uvuvi katika upande wetu wa ziwa ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Miezi hiyo ndiyo ya likizo za wageni. Mgeni akifika wakati huo atakuta mitumbwi imepandishwa mchangani na nyavu zimekauka. Akipiga picha na kuandika chini yake kwamba ziwa limekufa, picha itakuwa ya kweli na maneno yatakuwa ya uongo. Kile alichokiona kilikuwa ni watu waliokubali njaa ya leo kwa ajili ya samaki wa kesho.

Kosa, hata hivyo, si la mgeni peke yake. Mwenyeji naye hujaribiwa. Akishatambua neno ambalo mgeni analitamani, hulitamka, na zile nyavu zenye macho madogo hazitaji, wala misitu tuliyoikata milimani, ambayo udongo wake huteremshwa na mvua ukafunika mawe ambako samaki hutaga. Huenda msomaji akauliza: kuna ubaya gani kutia chumvi kidogo, ikiwa msaada utapatikana? Jawabu letu ni kwamba njia ya mwongo ni fupi. Siku uongo mmoja utakapofichuka, hata lile deni la haki tunalowadai wenye viwanda litatiliwa shaka. Zaidi ya hayo, anayejisimulia kama mtu asiyetenda lolote ila kutendwa tu, amejivua uwezo wa kutengeneza chake.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la mgeni wa hadithi ni kazi ya kurudisha. Na aandike jina la aliyemsimulia, iwapo mwenyewe ameridhia, na aitafsiri kazi yake kwa Kiswahili, na isomwe mbele ya waliompa, ili wapate kusema, "Hapa umetufahamu, na hapa hukutufahamu." Jembe la mwenyeji ni kusema kweli yote, hata ile inayomchoma mwenyewe.

Nasi walimu na wanafunzi tunalo jembe letu. Haifai kijana wa Kigoma ayajue masimulizi ya babu yake kwa kuyasoma katika kitabu kilichoandikwa ng'ambo. Na aende yeye mwenyewe mwambaoni, aulize maji yalifika wapi mwaka 1964, aandike jina la mahali na tarehe, kisha ayalinganishe maneno ya wazee na vipimo vya wataalamu. Palipo na tofauti, asifiche, aiandike. Kazi kama hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji subira, daftari, na moyo wa kuheshimu neno la mtu. Taifa linalojua kutunza hadithi zake kwa uaminifu huweza kuidai haki yake mbele ya mataifa bila kutetereka, kwa kuwa limekwisha kujihukumu lenyewe kwanza.