Mwenye Kipandauso: Asubiri au Ajitibu?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika maradhi yawapatayo watu yako yenye alama, kama jeraha, au homa ambayo mtu akiweka mkono juu ya paji la mgonjwa huisikia. Na yako yasiyo na alama, asiyajue illa yule aliye nayo. Kipandauso ni katika haya ya pili. Kichwa hupwita, mara nyingi upande mmoja; moyo huchafuka hata mtu akatapika; mwangaza humchoma macho, na sauti ndogo humwumiza. Wengine, kabla ya maumivu kuanza, huona vimulimuli au mistari ya nuru ikicheza machoni. Mgonjwa asipotumia dawa, hali hiyo huweza kudumu kwa muda wa saa 4 mpaka siku 3. Kisha huondoka, na mwenyewe huamka mzima kana kwamba hakuwa na kitu. Na kwa kuwa huamka mzima, watu humdhania mwongo.

Basi mas'ala ni haya: mtu aliyepatwa na maradhi haya, je, subira aliyoamrishwa na dini ni kunyamaza na kuvumilia, au anayo haki ya kutafuta nafuu? Na wale wanaomzunguka, wana wajibu gani juu yake?

Na uchukuliwe mfano wa mama mmoja wa Tandika, katika Temeke, auzaye vitumbua. Huamka kabla ya alfajiri kuwasha moto, na moshi wa jiko humfuka usoni. Adhuhuri bati la paa huwaka kwa jua, na usiku penye shughuli mtaani vipaza sauti hulia mpaka kukikaribia kucha. Siku kipandauso kimshikapo, haja yake kubwa ni kiza na kimya. Na vitu hivi viwili ndivyo adimu kabisa katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na ua mmoja. Akijilaza, wifi yake husema, "Uvivu huo." Jirani husema, "Ana jini huyu, apelekwe akapungwe." Na mwingine, aliye bora kuliko hao, humwambia, "Subiri, mama, maradhi ni kafara ya dhambi."

Neno hili la mwisho ni la kweli, wala hapana Muislamu alikanushaye. Lakini lataka kutazamwa vema, kwani neno la kweli likisemwa mahali pasipo pake huweza kuwa dhulma. Subira ni amali ya moyo wa yule aliyepatwa. Hakuna mtu awezaye kusubiri maumivu ya kichwa cha mwenzake. Mwenye kutazama hakuamrishwa subira hapo, ameamrishwa rehema. Basi akimwambia mgonjwa "subiri", kisha akaenda zake, amechukua fungu la mgonjwa akaliweka mahali pa fungu lake mwenyewe, na deni lake limebaki vile vile.

Atazamwe Nabii Ayubu (a.s.), ambaye jina lake ndilo mfano wa subira kwa watu wote. Yeye alimlilia Mola wake kwa dhara iliyompata, wala kulia huko hakukumtoa katika wenye kusubiri. Na nafuu ilipomjia, aliamrishwa apige ardhi kwa mguu wake, akapata maji ya kuoga na ya kunywa. Mwenyezi Mungu ni muweza wa kumponya bila ya maji, lakini alimponya kwa sababu. Basi aiachaye dawa akidhani kuwa anamfuata Ayubu, hakumfuata.

Tena imepokewa katika Sahihi ya Bukhari ya kuwa Mtume (s.a.w.) aliumikwa kichwani hali ya kuwa yumo katika ihramu, kwa maumivu yaliyompata, na maumivu hayo katika mapokezi yameitwa shakika, ambalo kwa Kiarabu ndilo jina la kipandauso. Na imepokewa katika khabari za vita vya Khaibar, mwaka wa 7 wa Hijra, ya kuwa maradhi haya yalikuwa yakimshika mara nyingine, akakaa siku moja au mbili asitoke kwa watu. Ikiwa mbora wa viumbe alilala kwa kipandauso, na jeshi liko uwanjani, ni nani atakayemwita mvivu mama wa Tandika?

Huenda mtu akasema: "Wako wanaojisingizia. Kichwa hakionekani, nitajuaje?" Jawabu yake ni kupima hasara mbili. Akimwamini mwongo, atapotewa na kazi ya siku moja, na hisabu ya mwongo iko kwa Mola wake. Akimkadhibisha mkweli, amemwongezea mgonjwa maumivu ya pili juu ya ya kwanza, na dhana mbaya imekatazwa. Mwenye akili huichagua hasara iliyo nyepesi.

Ama njia za nafuu, ni nyingi, wala si ghali zote. Mgonjwa aandike siku zimshikazo, na jambo lililotangulia: kukosa usingizi, njaa, kiu, jua kali, harufu kali, wasiwasi, na kwa wanawake, ambao hupatwa yapata mara tatu kuliko wanaume, siku za hedhi. Akizijua sababu zake atajiepusha na baadhi yake. Dawa ya maumivu, kama parasetamoli, aspirini au ibuprofeni, hufaa zaidi ikimezwa mapema, kwa kipimo chake. Na mja mzito asimeze kabla ya kuuliza. Lakini amezaye kila mara, kupita siku mbili kwa juma, huenda dawa yenyewe ikamletea maumivu mengine ya kichwa. Na hapo israfu huonekana ubaya wake mwilini. Atakaye kuumikwa, asikubali illa wembe mpya na vyombo safi. Na ambaye maradhi humrudia mara kwa mara, aende hospitali, ikiwa ya Temeke au ya Mwananyamala, kwani ziko dawa za kila siku za kuyazuia, ambazo daktari ndiye azipimaye.

Na iko khatari isiyofaa kupuuzwa. Maumivu makali yaliyokuja kwa ghafula, au yenye homa na shingo kukakamaa, au yenye ulimi mzito na upande mmoja wa mwili kulegea, au yaliyomwanza mtu kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50, hayo yasiitwe kipandauso wala jini. Mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile.

Katika Ramadhani, ale daku mwisho wa usiku, anywe maji ya kutosha, na aliyezoea kahawa aipunguze kabla ya mwezi kuandama. Yakimshika mazito, rukhsa ya mgonjwa ni yake: atafungua, atameza dawa, atalipa siku nyingine. Amwaibishaye kwa hilo huaibisha rukhsa ya Mola wake.

Yabaki kusemwa ya kuwa maradhi haya hayajapata dawa ya kuyang'oa kabisa. Dawa huyapunguza, nayo hurudi. Basi subira haikukosa mahali pake. Mwenye njaa husubiri mpaka apate chakula, na akipata akaacha kula hasifiwi. Vivyo hivyo subira ya mwenye kipandauso huanza pale uwezo wa dawa unapokoma. Na kabla ya hapo pana kazi ya mgonjwa, na kazi ya wenziwe: kupunguza sauti, kufunga dirisha, kuwachukua watoto, kumuuzia vitumbua vyake siku ile, na kabla ya yote, kumsadiki.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa, na azilainishe nyoyo za walio wazima. Amin.