Nilipokuwa dalali wa jasho la watu



Ndugu msomaji, hivi karibuni nilikuwa nafundisha kidato cha tatu somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu, mada ya muamalat, sehemu ya ijara. Nilikwishaeleza masharti yake: kazi ijulikane, muda ujulikane, ujira ujulikane. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Ustadhi, nyumba inapangishwa kupitia dalali na dalali anakula chake. Na mtu je, anaweza kupangishwa kupitia dalali?" Darasa zima likacheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu kabla ya kushika chaki niliifanya kazi hiyo kwa mwaka mmoja na miezi saba. Kengele ililia nikamjibu kwa kifupi. Jibu refu naliandika hapa, na sehemu yake kubwa ni ushahidi dhidi ya nafsi yangu mwenyewe.

Nilihitimu shahada ya ualimu mwaka 2012. Ajira ya ualimu niliyoitegemea haikuja, na nyumbani palikuwa na wadogo zangu wawili wanaosubiri ada. Mwezi wa Novemba mwaka huohuo nikapata kazi ya afisa mauzo katika kampuni moja ya wakala wa ajira hapa Dar es Salaam. Sitaitaja jina. Wenyewe walinipokea vizuri, na madhambi nitakayoyaeleza nimeyatenda kwa mkono wangu.

Watu wengi wanadhani wakala wa ajira kazi yake ni kukaa ofisini na kupokea wasifu wa waombaji. Hao wapo, lakini wanaoiweka kampuni mjini ni watu wa mauzo. Asubuhi unavaa tai, unashika mkoba, unazunguka kuanzia Posta hadi barabara ya Nyerere, kiwanda kwa kiwanda, ofisi kwa ofisi, unaomba dakika kumi za meneja utumishi. Unamwambia: usisumbuke kuajiri, sisi tutakuletea wapakiaji, wafanya usafi, makarani wa ghala, madereva. Wakiugua tunaleta wengine. Wakikuchosha unatupigia simu, kesho hawapo. Wewe utalipa ankara moja tu kila mwezi.

Sikiliza maneno hayo vizuri. "Wakikuchosha kesho hawapo." Niliyasema mara nyingi mno na yalikuwa yanauza.

Udalali wenyewe si haramu. Imam Bukhari ametenga mlango mzima katika Kitabu cha Ijara kuhusu ujira wa dalali, na humo amewataja Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Al-Hasan kuwa hawakuona ubaya wake. Nami nakiri kuna siku nilirudi nyumbani na furaha ya halali kabisa. Kijana mmoja wa Tandika, mwenye stashahada ya ugavi, alikuwa amekaa miaka miwili akiuza vocha. Nikampeleka kwenye ghala moja kwa majaribio ya mwezi, wakamng'ang'ania. Mama yake alinitumia sahani ya vitumbua ofisini. Anayemuunganisha mwenye njaa ya kazi na mwenye kazi amefanya jambo jema, na akilipwa kwa jema hilo hana lawama. Tatizo linaanzia kwenye kumsifia mtu usiyemjua, na linakomaa kwenye bei.

Qur'an imetusimulia mtu akipendekezwa kuajiriwa, katika Surat al-Qasas, aya ya 26 na ya 27. Musa (AS) amefika Madyan akiwa mkimbizi, hana kitu. Binti wa yule mzee, ambaye baadhi ya wafasiri wanasema ni Nabii Shu'ayb (AS), akamshauri baba yake amuajiri, akataja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Binti yule alikuwa ameziona. Alimwona kisimani akiwanyweshea wanyama wao bila kuomba malipo. Mimi nilikuwa namwambia meneja kwamba watu wangu ni hodari na waaminifu, ilhali sijawahi kuwatia machoni, na wengine tulikuwa bado hatujawapata! Tukishasaini ndipo tunatafuta.

Kisha tazama mzee alivyofanya. Masharti aliyasema mbele ya Musa mwenyewe: miaka minane, akitimiza kumi ni hiari yake, na kwamba hataki kumtaabisha. Musa akajibu kwa kinywa chake. Hakuna aliyesimama katikati mwenye karatasi ya bei ambayo Musa haruhusiwi kuiona.

Sisi karatasi hiyo tulikuwa nayo. Mkataba na mteja una bei, na mkataba na mfanyakazi una mshahara, na ni mwiko mwenye mkataba mmoja kuuona wa pili. Nitakupa hesabu halisi niliyoifanya mimi mwezi wa Oktoba mwaka 2013.

Tulikuwa na wafanya usafi 22 katika jengo moja la maofisi katikati ya mji. Mteja alikuwa anatulipa shilingi 260,000 kwa kila mmoja kwa mwezi, ukiacha VAT. Mshahara wao ulikuwa 165,000. Juu yake kuna mchango wa mwajiri wa NSSF asilimia 10 na tozo ya ufundi stadi, iliyokuwa asilimia 5 wakati ule. Sare na sabuni weka 20,000. Kinachobaki, kama elfu 50 hivi kwa kichwa, ni chetu. (Ndiyo, tulikuwa tunasema "kwa kichwa". Wafanyabiashara wa ng'ombe pale Pugu nao wanahesabu hivyohivyo.) Mkataba ulipokaribia kwisha, mteja akaniita. Kuna kampuni nyingine imeleta 230,000. Akasema, mkishuka hapo nasaini leo.

Nikatoka koridoni nikampigia bosi. Akanijibu: shuka, ila fungu letu lisiguswe. Nikasimama palepale na kikokotoo cha simu. Sare huwezi kupunguza, NSSF na tozo ni sheria. Basi kilichobaki ni kimoja. Nikarudi ndani, nikasaini. Mshahara wa watu 22 ukashuka kutoka 165,000 hadi 139,000. Dakika tano. Kwa sheria hatukuwa na kosa, kwa sababu wenyewe waliletewa mikataba mipya wakasaini wote. Aliyeulizwa kama anataka kusaini au anataka kukaa nyumbani, atajibu nini?

Nikapewa kamisheni yangu, asilimia 5 ya ankara ya mwezi wa kwanza: shilingi 253,000. Nililipa ada ya mdogo wangu mmoja, nikanunua viatu.

Wiki chache baadaye nikaenda kwenye jengo lile kuangalia mambo. Palikuwa na mama mmoja mtu mzima wa Mbagala, tulikuwa tunasalimiana kwa sababu mara kadhaa nilimkuta akitoka kuswali Adhuhuri kwenye kachumba ka kuhifadhia ndoo. Akanishika mkono pembeni, bila hasira, kama mzazi anavyomuuliza mtoto wake aliyetoka dukani. "Mwanangu, wewe ndiye unayetuuza. Hivi umetuuza shilingi ngapi?"

Sikumjibu. Nilimwambia, mama, hayo ni mambo ya ofisi.

Ndugu zangu, iko Hadith Qudsi mashuhuri aliyoisimulia Abu Hurayra (RA) na kupokewa na Imam Bukhari, ambamo Allah (SW) anawataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Wa kwanza ni aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akaivunja. Wa pili ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Wa tatu ni aliyemuajiri mtu, akachukua kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Hadith hii niliihifadhi nikiwa madrasa, na chuoni niliiandikia mtihani. Usiku ule, kwa mara ya kwanza, nilijiuliza mimi niko wa ngapi. Sikumuuza mtu huru utumwani, najua. Wala sikumnyima mtu ujira wote. Lakini neno "unatuuza" lilitoka kwa aliyeuzwa mwenyewe.

Na yapo mengine madogo yaliyokuwa ya kila siku. Mteja mmoja aliagiza dada wawili wa mapokezi, akaongeza kwenye simu, "nisiletewe wa kujifunika." Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kazini kwa dini yake. Msomaji wa gazeti hili anatarajia nimlaumu mteja, naye anastahili. Ila aliyekaa mezani akachambua wasifu 14, akatoa picha zote zenye hijabu akaziweka chini ya rundo, alikuwa ni Ustadhi huyu. Hakuna aliyenilazimisha. Nilihofia lengo la mwezi. Dada wale hadi leo hawajui kwa nini hawakuitwa, na pengine waliambizana kwamba ni mfumo. Siku ile mfumo ulikuwa mimi.

Mtume (SAW) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Mwenye mali akajitetea kuwa ni mvua. Akaulizwa kwa nini asiuweke unyevu juu watu wauone, na akaambiwa kuwa mdanganyifu si katika sisi. Ameipokea Imam Muslim. Tumezoea kuwasomea Hadith hii wauza mchele wa Tandale. Tusisahau kuwasomea wenye tai.

Vilevile ule usia wa kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Katika biashara ile mteja mkubwa analipa baada ya siku 30, mwingine 60, mwingine mpaka ubembeleze. Wakala asiye na mtaji anawaambia wafanyakazi wavute subira, mteja hajalipa. Jasho linakauka, linatoka jingine, nalo linakauka. Lakini mkataba wa mfanyakazi haukuwa na mteja, ulikuwa na wewe wakala. Kama huna uwezo wa kulipa mshahara mpaka ulipwe, basi umechukua mtaji wa biashara yako kwenye sufuria ya mtu mwingine bila kumwomba.

Nilimwendea sheikh mmoja, nikamweleza yote pamoja na hesabu. Hakunikaripia. Akasema faida ya dalali si lazima itangazwe katika kila biashara, na kamisheni yangu kwa asili yake si haramu. Nikapumua. Kisha akaniuliza, "Ulipokuwa koridoni ulikuwa na namna ya kukataa?" Nikasema ndiyo, ningepoteza mkataba tu. "Na fungu la kampuni lingeweza kuguswa hata kidogo?" Nikasema lingeweza, bosi hakutaka, nami sikumbishia. Akanikumbusha yale aliyoambiwa swahaba Wabisa (RA) alipokwenda kuuliza kuhusu wema na dhambi: kwamba dhambi ni kile kinachokutatiza kifuani, hata kama watu wamekupa fatwa. Akanyamaza.

Niliacha kazi mwezi wa Juni mwaka 2014. Mwaka huohuo Serikali ilitoa kanuni mpya za mawakala wa ajira, zikitaka wakala aunganishe tu na mfanyakazi awe wa yule anayemfanyia kazi. Lilikuwa jambo jema. Baadhi ya makampuni yalibadili jina la mkataba ukawa wa "huduma", mambo yakaendelea. Kanuni haiwezi kuingiza mkono ndani ya kila rundo.

Kwa hiyo kijana wangu wa kidato cha tatu, jibu ni hili. Inajuzu, ikiwa unayemuunganisha anajua anakwenda wapi, kwa kazi gani, kwa ujira gani, na wewe unakula nini kwa ajili yake. Usimtoze mwenye njaa ada ya kumwonyesha chakula. Hata Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1997 umeweka hilo kuwa msingi, kwamba gharama asibebeshwe mtafuta kazi. Na bei inaposhuka, anza kupunguza fungu lako. Najua wapo Waislamu wenye kampuni hizi na wapo mameneja utumishi wanaosoma safu hii. Meneja, wakala akikubali kushuka elfu thelathini kwa dakika tano, muulize mbele ya shahidi zinatoka mfukoni mwa nani. Mimi nisingeweza kumjibu aliyeniuliza hivyo. Hakuniuliza mtu.

Nilipopata mshahara wangu wa kwanza wa ualimu nilianza kukusanya ile 253,000. Ilinichukua miezi saba. Nikaigawa kwa watu 22, kila mmoja 11,500, nikaanza kuwatafuta. Niliwapata 19. Watatu sijawapata, mmoja niliambiwa alirudi Lindi. Fungu lao, 34,500, liko kwenye bahasha kabatini. Sheikh amesema nikikata tamaa nilitoe sadaka kwa niaba yao, na wakitokea wana haki ya kunidai upya. Sijakata tamaa bado.

Mama wa Mbagala nilimpata nyumbani kwake, baada ya Alasiri, anapepeta mchele. Nikamweleza kila kitu, hadi ile 260,000 na ile 230,000. Akazihesabu zile 11,500, akazifunga kwenye pindo la khanga, akaniombea dua. Nilipokuwa navaa viatu akaniuliza, kwa sauti ileile ya siku ile:

"Na zile elfu ishirini na sita za kila mwezi, mwanangu, hizo nimdai nani?"