Kwenda Kutazama

"Kuna msiba?"

Mume wangu aliniuliza hivyo nilipomwambia kwamba Jumamosi nakwenda Lushoto. Nikamjibu hakuna msiba. Harusi? Hapana. Mgonjwa? Hapana. Nakwenda Irente, kwenye ukingo wa mlima, nikatazame, kisha nirudi jioni. Akanyamaza kidogo, halafu akatoka kukagua maji ya rejeta na upepo wa matairi. Aliporudi ndani alinipa neno moja tu la udereva: "Kushuka, tumia gia uliyopandia."

Maswali yake yalikuwa ya haki. Kwetu safari ina mwenyewe: unakwenda kwa fulani, kwa jambo fulani. Asiyekwenda kwa mtu hutiliwa shaka, na mwanamke wa miaka 52 akiwa peke yake kwenye usukani hutiliwa shaka mara mbili. Nami nimeishi hivyo hivyo. Kwa miaka 25 nimepita Mombo kwenda Moshi na Arusha, kuzika, kuozesha, kupeleka watoto bweni, na kila mara niliinua macho kuutazama ule ukuta wa mawe upande wa kulia nikasema moyoni, ipo siku. Januari mtoto wetu wa mwisho alikwenda chuo. Kwa mara ya kwanza nikajikuta na Jumamosi isiyodaiwa na mtu.

Niliondoka Tanga baada ya swala ya alfajiri. Februari ni joto la kaskazi. Hata jua halijachomoza nguo imekwisha kukuganda mgongoni. Kutoka Muheza hadi Korogwe ulipita nami mkonge, mistari mirefu isiyokwisha. Zao hili lililetwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, kutoka Florida, na katika miche ipatayo 1,000 ni 62 tu iliyofika hai. Miche hiyo 62 ndiyo iliyomleta babu yangu Tanga. Alitoka Kigoma kama manamba, akavuka nchi nzima, akakata mkonge mpaka mikono ikakakamaa. Sidhani kama katika maisha yake alisafiri hata siku moja kwa sababu alipenda kuona kitu. Njiani Segera, nikinywa chai, niliwaza kwamba huenda maswali ya mume wangu yametoka mbali kuliko yeye: sisi ni wajukuu wa watu waliosafiri kwa kuhitajiwa.

Mombo nikakata kulia.

Barabara ya kupanda Lushoto ina urefu wa kilomita zipatazo 33, ni nyembamba, imebanwa na mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Kwenye kila kona unapiga honi, unasikiliza kama kuna wa kukujibu, ndipo unapita. Malori ya kabichi na karoti yanashuka polepole, yananguruma. Katika kona ya tatu au ya nne niligundua jambo lililonishangaza: mkono wangu ulikuwa umepanda kurekebisha kioo cha ndani ili nione kiti cha nyuma. Miaka yote nimesafiri nikitazama nyuma. Nani kalala vibaya, nani anataka kutapika, mama mkwe amefunguliwa dirisha au bado? Siyalaumu maisha hayo, niliyapenda na ningeyarudia. Ila milima nilikuwa nimeikosa. Nikakigeuza kioo kionyeshe barabara, nikashusha dirisha. Hewa ilikuwa imekwisha kubadilika, inanukia mikaratusi na moshi wa kuni.

Soni nilisimama kutazama maporomoko yaliyo kando ya barabara. Jirani na hapo ndiko Vuga, yaliyokuwa makao ya watawala wa ukoo wa Kilindi. Abdallah bin Hemedi ameandika katika kitabu chake, Habari za Wakilindi, juu ya Mbegha, mwasisi wao: mwindaji aliyenyimwa urithi kwao Unguu kwa kuwa meno yake ya juu yalitangulia kuota. Alifika milima hii akiwa mgeni, na mbwa wake, akawa anaua nguruwe waliokula mashamba ya watu, nyama anagawa, mpaka Washambaa wakampa nchi. Naye bila shaka aliulizwa: umekuja kwa nani?

Irente iko kilomita chache kutoka Lushoto mjini. Unaacha gari, unatembea kidogo, na ghafla mlima unakatika. Chini yako, takriban mita 1,000, ni Mazinde na uwanda unaokwenda mpaka macho yachoke. Usambara ni sehemu ya milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita kule Kenya hadi Udzungwa. Pale ukingoni unaona kwa macho kazi inayofanywa na milima hii. Mawingu ya Bahari ya Hindi yanagonga upande wa mashariki, yanapanda, yanamwaga mvua. Yakifika huku yamebaki matupu. Nyuma yangu palikuwa kijani kibichi, migomba na mahindi. Mbele, kahawia tupu. Na katikati ya ile kahawia ulipita uzi mweusi, na juu ya uzi huo punje nyeupe ikisogea. Ilinichukua muda kutambua kwamba ni basi, na kwamba ile ni barabara yangu. Haraka zangu zote za miaka 25 zilipita pale.

"Unamngoja nani?"

Alikuwa bibi mmoja mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. "Simngoji mtu, bibi. Nimekuja kutazama."

Nilitegemea acheke. Akautua mzigo, akakaa kwenye jiwe. Kisha akaninyooshea kidole chini kabisa, kwenye nukta iliyokuwa ikimeremeta juani. "Lile bati unaliona? Mwanangu yuko pale, kwenye katani. Nikipita na majani, nalitazama." Akaeleza kwamba mwana hupanda kuja nyumbani mara chache, nauli ni shida, lakini bati liko pale kila siku, isipokuwa siku za ukungu. Siku za ukungu, alisema, hapiti njia hii. Tukakaa. Hatukuongea tena mpaka alipoomba nimsaidie kujitwisha.

Kushuka nilitumia gia ya pili, ile niliyopandia, injini ikilia nami nikigusa breki kwa nadra. Soni nilinunua mapeasi. Kabla ya magharibi nilikuwa nyumbani.

Mume wangu alichukua kisu na peasi, akauliza nimeona nini. Nikamweleza bati la yule mama, na basi lililokuwa dogo kama punje ya mchele. Yeye alizaliwa Mazinde, kabla wazazi wake hawajahamia Tanga. Tangu tuoane tumepita hapo mara zisizohesabika, daima tukichelewa mahali.

"Mazinde inaonekana?"

"Yote."

"Na reli?"

"Na reli."

Akaacha kumenya.