Je, Siku Yake Ilikuwa Imefika?

Mtoto akifa kwa kuhara, majirani huja matangani na kusema kwa upole, "Siku yake imefika." Neno hili lafariji, wala hatulidharau. Walakini yatupasa kuuliza kama ni kweli.

Mwaka 1971 wakimbizi wengi sana waliikimbia vita ya Pakistani ya Mashariki, nchi iitwayo leo Bangladeshi, wakaingia India. Katika kambi ya Bangaon kipindupindu kiliwashika. Dawa ya maji ya kutiwa mishipani ilikuwa haba, na katika kila wagonjwa 100 walikufa kama 30. Ndipo Daktari Dilip Mahalanabis alipoagiza wanyweshwe maji yenye sukari na chumvi kwa kipimo, nao jamaa zao wakafundishwa kuwanywesha. Waliokufa wakapungua, wasifike 4 katika 100. Maana mgonjwa wa kuhara hufa kwa kupotewa na maji na chumvi ya mwili. Sukari huipitisha chumvi katika utumbo, na maji huifuata.

Ugonjwa ulikuwa ule ule, na kambi ile ile. Basi, wale waliopona, siku yao ilikuwa imefika au haikufika?

Tena yakadiriwa kwamba mwaka 1990 magonjwa ya kuhara yaliua watu 2,900,000 duniani, na mwaka 2021 kama 1,200,000. Hesabu hii haikushuka yenyewe. Ilishushwa na visima safi, vyoo, chanjo, na kinywaji kile kidogo.

Wengine watasema kwamba kuuliza hivi ni kushindana na Mungu. Sisi hatuoni hivyo. Asiyejua aliweza kulia tu. Ajuaye ana deni. Wala deni hili si la mama aliyefiwa peke yake, maana maji hayajui mpaka wa shamba: uchafu wa choo cha mmoja hushukia kisima cha mwenziwe. Kisima safi ni kazi ya kijiji kizima, na ya watawala pia.

Walakini liko jambo ambalo kila nyumba yaweza kulishika leo: katika lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mtoto anyweshwe kidogo kidogo, huku akipelekwa kwa mganga wa zahanati. Aliyelijua hili asipomfundisha jirani yake, asiseme kwamba siku ya mtoto ilifika.