Gombo Lililotupwa Motoni

Neno la kutafakari mwezi huu: Yeremia, sura ya 36



Nataka kuwaandikia habari ya ulimi, wala si ulimi wa nyama uliomo kinywani, bali ule tuushikao mkononi mchana kutwa, yaani simu. Maana siku hizi mashauri ni mengi, bungeni na mahakamani, hata chini ya mwembe baada ya ibada, kwamba maneno yapitayo katika intaneti yatawaliwe na nani, tena kwa kipimo gani. Wengine wasema, Yafungwe; wengine wasema, Yaachwe. Nami kabla sijasema neno yanipasa kuungama.

Mwaka jana, baada ya sikukuu ya mavuno, niliamka alfajiri nikakuta katika simu yangu ujumbe wenye picha. Ilikuwa picha ya nyumba yenye bati jipya, na maneno chini yake yalisema kwamba bati lile ni ng'ombe wa Bwana, yaani yule ng'ombe wa sadaka aliyeuzwa mnadani, na ya kuwa mtunza hazina wetu amezila fedha zake. Sikumwuliza mtu. Sikutazama kitabu cha hazina, ingawa kimo kabatini, hatua chache tu toka mlangoni pangu. Niliongeza maneno mawili, "Tuombe sana," nikawapelekea watu 14. Kisha nikaenda kuongoza sala ya asubuhi. Tazameni jinsi dhambi ijuavyo kuvaa kanzu.

Kitabu kilipofunguliwa mbele ya wazee, fedha zote zilionekana zimo. Bati lilinunuliwa na binti yake afanyaye kazi Dar es Salaam. Lakini mzee yule alikuwa amekwisha kukaa majuma 6 asiikaribie meza ya Bwana, akiketi kiti cha nyuma karibu na mlango. Na mkewe alikuwa haendi kuteka maji ila jioni, wenzake wakiisha kurudi.

Siku ile katika baraza mzee mmoja alisema kwa uchungu, "Baba Mchungaji, heri serikali ivizime vyombo hivi vyote, tupumzike." Mama mmoja akamjibu taratibu, "Na siku vitakapozimwa, baba, mwanangu aliye mbali nitampata kwa njia gani?" Wote wawili walisema kweli. Ndipo niliporudi nyumbani nikaifungua Yeremia.

Mwajua habari ile. Yeremia amezuiliwa asiingie nyumbani mwa Bwana. Basi Baruku aandika maneno yake katika gombo, naye aenda kulisoma mbele ya watu siku ya kufunga. Wakuu wakisikia waogopa, wamwambia Baruku ajifiche yeye na Yeremia. Ni mwezi wa tisa, baridi kali, na mfalme Yehoyakimu ameketi katika nyumba yake ya wakati wa baridi, na moto wawaka mbele yake. Yehudi amsomea. Kila zisomwapo kurasa tatu nne, mfalme azikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni, hata gombo zima likateketea. Watu watatu, Elnathani na Delaya na Gemaria, wakamsihi asilichome, asiwasikie.

Angalieni jambo moja. Mfalme hakuuliza kama maneno yale ni kweli. Hakumwita Yeremia ajieleze, wala hakumwita shahidi. Alitoa amri wakamatwe, lakini kuhojiwa hapakuwapo. Moto ulikuwa karibu, na kisu kilikuwa karibu, akaona yatosha. Nanyi mwajua mwisho wake: Baruku alitwaa gombo jingine akaandika yote tena, na mengine mengi kama hayo yakaongezwa.

Lakini msifanye haraka kusema kwamba Maandiko yamekwisha kuamua upande mmoja. Rudini nyuma mpaka sura ya 28. Hapo yupo Hanania, nabii wa uongo, awaambiaye watu maneno matamu, ya kwamba vyombo vya hekalu vitarudi kutoka Babeli katika muda wa miaka miwili. Uongo ule ulikuwa wa hatari, maana taifa zima lingeweza kuangamia kwa kuuamini. Yeremia hakumwendea mfalme amwombe kumfunga Hanania. Kwanza alisema Amina, laiti ingekuwa hivyo; kisha akaenda zake; kisha akarudi akamwambia usoni, mbele ya Mungu, kwamba amewatumainisha watu kwa uongo. Basi nabii yule yule aliyechomewa maneno yake ndiye aliyeteswa sana na maneno ya waongo. Nadhani hakuna mtu katika Agano la Kale aliyeyajua mashaka yetu haya kuliko yeye.

Sasa tutazame ya kwetu. Hapa Tanzania Sheria ya Makosa ya Mtandao ilitungwa mwaka 2015. Ilipotungwa iliweka, kwa mtu atoaye habari aijuayo kuwa ya uongo kwa nia ya kukashifu au kupotosha watu, faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mwaka 2018 zikaja kanuni zilizomtaka hata mtu mmoja mwenye ukurasa wake wa habari akate leseni. Ada zake zote pamoja zilifika shilingi 2,100,000. Jirani zetu wa Uganda mwaka ule ule walitozwa shilingi 200 zao kwa kila siku ya kutumia mitandao ya kijamii. Na Januari 2021, siku za uchaguzi wao, intaneti ikazimwa nchi nzima. Nasi tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi wetu, tulizimiwa, tukakaa hivyo siku kadhaa. Mama yule aliyeuliza swali lake barazani alikuwa akikumbuka siku hizo.

Simwandikii mtu yeyote maasi. Paulo aliwafundisha Warumi kwamba mamlaka imewekwa na Mungu, na kwamba haichukui upanga bure. Neno hilo twalikiri. Uongo uuao yapasa uzuiwe kwa sheria. Tena Waafrika wa nchi hizi za maziwa hatuna ruhusa kusema kwamba maneno ni upepo tu. Pale Rwanda, tangu Julai 1993, redio iitwayo RTLM iliwaita Watutsi mende, na mwaka 1994 ikawachochea watu kuwaua majirani zao, hata kuwataja wengine kwa majina. Wakati ule Marekani iliombwa kuizuia sauti ile angani. Ikakataa, ikitaja gharama na mambo ya sheria. Kuna kunyamaza kunakojiita uhuru, nako ni damu.

Ndipo nataka mkumbuke yaliyofanyika Arusha, mji ambao wengi wenu mwaujua. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilikaa huko, ikawahukumu watu watatu kwa ajili ya maneno: Nahimana na Barayagwiza walioianzisha redio ile, na Ngeze mwenye gazeti la Kangura. Kesi ilianza mwaka 2000 na hukumu ikatolewa tarehe 3 Desemba 2003. Miaka mitatu! Maneno yenyewe yaliletwa, yakasikilizwa katika kanda, yakafasiriwa. Washitakiwa wakawa na mawakili. Wakakata rufani, na mwaka 2007 mashitaka mengine yakaonekana hayakuthibitika, adhabu zikapunguzwa. Wala hawakuachiliwa.

Hapo naona tofauti iliyo wazi kuliko katika hotuba nyingi. Arusha neno lilitajwa, na aliyelisema alitajwa, na waliodhurika kwalo walitajwa, na mtu akapewa nafasi ya kujibu. Katika nyumba ya baridi ya Yehoyakimu palikuwa na kisu na makaa tu. Anayeizima intanet­i nchi nzima ili kumzuia mwongo mmoja, amemzima na mama amtafutaye mwanawe, na mgonjwa amwitaye mganga, na yule ambaye angemsahihisha mwongo. Maana uongo husafiri hata gizani kwa miguu yake mwenyewe. Ni sahihisho lake lihitajilo taa. Na sheria isemayo "kupotosha umma" bila kuonyesha ni nani aliyedhurika yampa kisu yeyote atakayeketi karibu na moto, leo huyu, kesho mwingine. Mtu atasema kwamba hukumu ya Arusha ilikuja watu wakiwa makaburini. Ni kweli, nami sina neno la kumfuta machozi huyo. Nasema tu kwamba redio ile ilikuwa na jina, na wenyewe walijulikana. Kuinyamazisha hiyo moja hakukuhitaji kufunga vinywa vya Warwanda wote.

Ziko na njia za katikati, zisizohukumu neno bali hupunguza mbio zake. Mwaka 2019 kampuni ya WhatsApp iliweka mpaka, kwamba ujumbe uliopokewa usiweze kupelekwa mbele kwa zaidi ya watu au makundi 5 kwa mara moja. Ni kitu kidogo. Lakini ningalilazimika kubonyeza mara ya pili na ya tatu asubuhi ile kama mpaka huo ningaliutilia maanani, pengine mkono ungalichoka kabla ya moyo.

Wainjilisti wenzangu, watoto wa kipaimara watawauliza, Je, Luther alikuwa upande gani? Waambieni kweli yote. Mwaka 1521, kwa amri ya Worms, Kaisari aliagiza vitabu vyake viteketezwe. Naye mafichoni akaifasiri Agano Jipya, nayo ikatoka kiwandani Septemba 1522. Sisi ni watoto wa gombo la pili la Baruku. Lakini waambieni pia kwamba tarehe 10 Desemba 1520, huko Wittenberg, Luther mwenyewe alitupa motoni barua ya Papa na vitabu vya sheria za kanisa. Na mwaka 1543 aliandika juu ya Wayahudi kitabu kibaya sana, akishauri masinagogi yao yachomwe na vitabu vyao vya sala watwaliwe. Mwaka 1994 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri katika Marekani liliyakataa maneno hayo waziwazi. Mtu aliyechomewa vitabu aliweza kutaka kuchoma vya wengine. Basi tusijidhanie kuwa kisu kile kikiwa mkononi mwetu kitakata vizuri zaidi.

Kisha wafundisheni Amri ya Nane, nao waisome pamoja na maelezo yake katika Katekisimo Ndogo. Haituambii tu kuacha kumsingizia jirani, bali kumtetea, na kulichukua kila neno lake kwa upande ulio mwema. Serikali haiwezi kuitunga sheria ya namna hii, wala isijaribu. Hakuna askari awezaye kukaa kati ya kidole changu na simu yangu alfajiri. Hapo tupo mimi na Mungu, na jirani ambaye jina lake limo katika ujumbe.

Mtunza hazina nilimwendea Jumamosi. Hakunikaripia. Aliniletea kiti, akaniuliza kama wale niliowapelekea nimekwisha kuwaambia. Nilikuwa sijawaambia. Tangu siku ile nimewaendea mmoja mmoja, wengine kwa miguu, kwa kuwa neno lililotoka kwangu kwa kidole naona haifai lirudishwe kwa kidole. Nimefika kwa 11. Wawili wako safarini, watarudi kabla ya Pasaka. Na mmoja alihamia Mwanza akabadili namba yake. Nami namtafuta bado.